Plagi za gari la zamani: kuzichagua, kuzisoma na kuzifunga bila kuua hesi

Gari la zamani lenye kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa umeme kwa kila plagi) halina kompyuta ya kulisitiri. Plagi zikichoka, gari linasema lenyewe: asubuhi linawaka kwa kubembelezwa, likisimama linatetemeka, likipanda mlima linamisi (silinda inaruka bila kuwaka), na mafuta yanaisha upesi kuliko ulivyozoea. Shida ni kwamba waya zilizopasuka, kofia ya distributa yenye ufa na pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa) zilizoungua hutoa dalili hizo hizo. Ndiyo maana plagi kuukuu hazitupwi kabla ya kuangaliwa moja moja. Zenyewe ndizo zitakazokuambia kama kosa lilikuwa lao au zimebebeshwa.

Plagi ya kawaida yenye ncha ya nikeli ikaguliwe kila kilomita 10,000 na ibadilishwe kati ya 15,000 na 20,000. Injini inayokula oili haifiki huko.

Vipimo kwanza

Plagi mbili zinaweza kufanana kwa macho na bado moja ikaua injini. Kabla ya kufikiria kampuni gani au madini gani, kuna vipimo ambavyo havina mjadala.

Kwanza unene wa hesi, yaani zile nyuzi za kufungia kama za skrubu. Magari mengi ya zamani yanatumia milimita 14. Baadhi ya injini za Marekani, hasa za Ford, zilitumia 18. Pili urefu wa hesi, na hapa ndipo watu wanapoumia. Urefu unaokutana nao mara nyingi ni milimita 12.7 na milimita 19. Volkswagen Beetle, kwa mfano, inachukua ile fupi ya 12.7. Ukifunga ndefu kwenye hedi (kifuniko cha silinda ambamo plagi inafungwa) ya plagi fupi, ncha inachomoza ndani na inaweza kugongwa na pistoni au valvu. Hata isipogongwa, hesi zilizochomoza zinashika joto na kaboni, na siku ya kuifungua inatoka na hesi za hedi. Ukifanya kinyume chake, ukafunga fupi kwenye tundu refu, cheche inapigia ndani ya tundu badala ya chumba cha mwako, na hesi za hedi zilizobaki wazi zinajaa kaboni. Plagi sahihi ya baadaye itakwama hapo hapo.

Tatu, namna plagi inavyokaa. Nyingine zina washa, ile ringi ya bati inayobanwa; nyingine hazina, zimechongwa mteremko kama koni. Hazibadilishani. Nne ni mdomo wa spana: milimita 20.8 kwa plagi nyingi za zamani, 16 kwa zilizofuata.

Habari hizi zote zimeandikwa kwenye namba ya plagi. Chukua BPR6ES ya NGK. B ni hesi ya milimita 14 na mdomo wa spana wa 20.8. P ni ncha iliyochomoza. R ni kizuizi cha umeme ndani. 6 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa milimita 19. Pangekuwa na H, ungekuwa 12.7. S ni kiini cha shaba. Ukiona -11 mwishoni, kiwandani iliachiwa mwanya (nafasi ambayo cheche inaruka) wa milimita 1.1.

Kila kampuni ina lugha yake. Inayokaribiana na BP6ES ni W7DC kwa Bosch, W20EP-U kwa Denso na N9YC kwa Champion. Tazama hizo tarakimu kwa makini, maana hapa wengi hupotea: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Anayeacha NGK ya 6 akanunua Bosch ya 6 akidhani ni ile ile amebadilisha kiwango bila kujua. Tumia jedwali la ulinganisho la kampuni yenyewe, usikisie.

Na usiamini kwamba plagi uliyoikuta kwenye injini ndiyo inayotakiwa. Gari la miaka thelathini au arobaini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Kitabu cha gari ndicho shahidi.

Plagi ya moto, plagi ya baridi

Majina haya yanadanganya. Plagi ya moto haitoi cheche kali zaidi wala haiongezi moto ndani ya silinda. Tofauti iko kwenye urefu wa pua ya kauri nyeupe. Pua ndefu inachelewa kupeleka joto kwenye hedi, kwa hiyo ncha inabaki na moto. Pua fupi inalipeleka haraka, ncha inapoa.

Ncha inatakiwa iishi kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi. Chini ya 450 masizi hayaungui, yanajikusanya juu ya kauri mpaka umeme unapata njia ya mkato na cheche inakufa. Juu ya 850 ncha inakuwa kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Hatua moja ya kiwango, tuseme kutoka 6 kwenda 7 kwa NGK, inabadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi.

Kwa hiyo baki na kiwango cha kitabu. Gari linalozunguka mjini kwa safari fupi fupi, likachafua plagi ilhali kabureta na pete za pistoni ni nzima, linaweza kupewa plagi ya moto zaidi kwa hatua moja. Hatua mbili usijaribu. Na kama kabureta inamwaga mafuta, plagi ya moto itaficha ugonjwa kwa wiki chache tu.

Nikeli na iridiamu

Plagi inayoitwa "ya shaba" ina shaba ndani ya kiini. Ncha yenyewe ni aloi ya nikeli. Ni laini, inalika, lakini ni rahisi na kwa injini ya distributa inatosha kabisa. Iridiamu ina ncha nyembamba kama sindano, inahitaji volti chache kuruka na inadumu mara kadhaa zaidi. Faida hiyo ni ya kweli kwenye injini safi ambayo plagi zake ni kazi kuzifikia. Kwenye injini inayochoma oili, iridiamu inachafuka sawasawa na nikeli, ila inakuuma zaidi mfukoni. Zile zenye miguu (vile vyuma vilivyopinda mbele ya ncha) mitatu au minne nazo hazipigi cheche nne kwa mpigo; cheche inaruka kwenye mguu mmoja tu kila mara.

Herufi R usiipuuze. Hicho kizuizi, kwa kawaida cha omu 5,000 hivi, kinapunguza makelele kwenye redio na kulinda vifaa vya elektroniki. Gari lililofungwa mfumo wa cheche wa elektroniki badala ya pointi lipewe plagi zenye R. Gari la pointi halidhuriki nazo.

Plagi bandia ni nyingi, na zinapakiwa vizuri. Angalia mguu wa chini: uwe umekaa katikati ya ncha, usiwe umepinda upande. Maandishi kwenye kauri yawe makali, yasifutike kwa kidole chenye petroli. Washa ya plagi halisi inazunguka lakini haidondoki ukiigeuza plagi. Linganisha zote za seti; bandia mara nyingi hazifanani hata zenyewe kwa zenyewe.

Kuzifungua

Utahitaji soketi ya plagi yenye mpira ndani, ekstensheni, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), brashi laini, na tochi. Spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) ikipatikana, vizuri sana.

Injini iwe baridi, baridi ya kushikika kwa mkono. Hedi ya alumini ikiwa ya moto, hesi zake ni laini na zinang'oka pamoja na plagi.

Andika namba kwenye kila waya kwa utepe kabla ya kuchomoa chochote, au toa waya moja, badilisha plagi yake, rudisha, ndipo uende nyingine. Wakati wa kuchomoa shika kofia ya mpira, izungushe kidogo kushoto na kulia, kisha vuta. Ukivuta kwa waya wenyewe, uzi wa kaboni ulio ndani unakatika na kwa nje huoni kitu. Kesho utasema plagi mpya ni mbovu.

Fungua kila plagi nusu mzunguko tu, halafu simama. Puliza vumbi na mchanga uliozunguka shina lake kwa hewa, au futa kwa brashi. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye silinda inakwaruza ukuta wake. Sasa malizia kufungua.

Ikigoma, usiongeze bomba kwenye mkono wa spana. Weka mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina, acha saa kadhaa, kisha rudi taratibu: robo mzunguko kufungua, kidogo kukaza tena, robo nyingine kufungua. Ukisikia mlio wa kukwaruza unaozidi kukaza kadiri inavyotoka, kaboni imeshika hesi. Rudisha ndani, ongeza mafuta, subiri. Subira ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kupandikiza hesi mpya.

Zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Wakati matundu yako wazi, pima na kompresheni (mgandamizo wa kila silinda) kama una geji. Silinda zote ziwe karibu karibu. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, plagi haitaiponya.

Kuzisoma

Plagi ya injini iliyoachwa ikiunguruma mahali pamoja kwa dakika kumi itakuwa nyeusi hata kama injini ni nzima. Ili usome ukweli, endesha gari kilomita kumi au zaidi kwa mwendo wa barabarani, zima bila kuliacha likizubaa, subiri lipoe.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu puani ni afya. Petroli isiyo na risasi huacha rangi nyepesi kuliko ya zamani, kwa hiyo usishtuke ukiona karibu nyeupe mradi kauri ni laini na haina malengelenge.

Masizi meusi, makavu, yanayofutika kwa kidole: mafuta ni mengi kuliko hewa. Angalia choki iliyokwama, eakilina (chujio la hewa) iliyoziba, kiwango cha petroli kwenye kabureta. Zikiwa zote nne hivyo, kosa ni la kabureta. Ikiwa moja tu, kosa ni la waya au plagi ya silinda hiyo.

Weusi wa kung'aa, wenye unyevu wa oili: oili inaingia kupitia pete za pistoni au sili za valvu. Moshi wa buluu unaotoka mara tu unapowasha asubuhi unaelekeza kwenye sili za valvu. Ukitoka wakati wa kuvuta mzigo, elekea kwenye pete.

Imelowa petroli tupu: silinda hiyo haiwaki kabisa. Kabla ya kulaumu, hamisha plagi hiyo kwenye silinda nyingine. Kosa likihama nayo, plagi imekufa. Likibaki pale pale, fuata waya, kofia ya distributa, halafu kompresheni.

Nyeupe yenye malengelenge, ncha imeyeyuka pembeni: joto limezidi. Sababu ni mafuta haba, hewa inayovuja kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa), timingi (wakati wa kupiga cheche) iliyotangulia mno, au plagi ya moto isiyostahili. Ukiona pamoja nayo vidoa vidogo vya kung'aa kama chengachenga za fedha juu ya kauri, hiyo ni alumini ya pistoni. Usiwashe injini hiyo tena mpaka chanzo kipatikane.

Kauri iliyopasuka puani hutokana na injini kugonga, au na mtu aliyepima mwanya kwa kuegemea kwenye ncha ya kati. Vumbi jekundu kama kutu linatokana na viongeza vya petroli. Kauri ikiwa nzima, si ugonjwa.

Kuna doa moja linalowasumbua wengi bure: mzunguko wa kahawia kwenye kauri ya nje, pale inapoingia kwenye chuma. Wengi husema gesi inavuja. Hapana, ni chembe za oili zilizovutwa na umeme mkali unaozunguka kauri. Futa, endelea. Mistari myeusi inayoshuka wima juu ya kauri hiyo ndiyo mbaya: umeme umekuwa ukiruka kwa nje, na kofia ya mpira ya waya hiyo ibadilishwe pamoja na plagi.

Kuzisugua plagi kuukuu kwa brashi ya chuma ili zirudi kazini ni mazoea ya siku nyingi, lakini yana hasara. Chuma cha brashi kinaacha mstari juu ya kauri ambao umeme unaupenda kuliko kuruka mwanya. Kupiga kwa mchanga nako kunaacha punje ndani zaidi ya unapoweza kuziona, na zinadondokea kwenye silinda.

Mwanya

Usiamini kwamba mpya imekuja tayari. Injini ya pointi hutaka milimita 0.6 hadi 0.7, ya elektroniki 0.8 hadi 1.1. Kitabu cha gari kinashinda namba hizi.

Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isibanwe wala isielee. Ukitaka kupanua, pinda mguu wa chini peke yake kwa kifaa chenye ndoano. Ukitaka kupunguza, gonga mguu huo taratibu juu ya ubao. Ncha ya kati isiguswe. Iridiamu usiipime kwa ile geji ya duara kama sarafu inayosukumwa kwa nguvu, ncha inakatika.

Mwanya mpana unadai volti zaidi, na unadai zaidi pale silinda inapojaa, yaani unapokanyaga mafuta mlimani. Ndiyo sababu gari linaweza kutulia vizuri likiwa limesimama na kumisi kwenye mlima. Mwanya mwembamba kinyume chake: mlimani linapanda, likisimama linakohoa, kwa kuwa cheche ni fupi mno kuwasha mchanganyiko hafifu.

Plagi iliyodondoka sakafuni pima mwanya upya. Ikidondoka kwa kauri, iweke kando. Ufa wa unywele hauonekani.

Kufunga

Kata kipande cha bomba la mpira la petroli, urefu wa sentimita 20 au 25, kichwa chake kivae kwenye kauri ya plagi kwa kubana. Ingiza plagi tunduni, kisha zungusha bomba kwa vidole viwili kinyume, kama unafungua. Utasikia "tik" ndogo na plagi itashuka kidogo: mwanzo wa hesi umepata mwenzake. Sasa zungusha kukaza. Hesi ikipanda upande, bomba linateleza juu ya kauri kabla hujaharibu kitu. Spana haina huruma hiyo. Plagi iende kwa vidole mpaka washa iguse. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja au miwili, toa uanze tena.

Grisi ya hesi iache kwenye kopo. Plagi nyingi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na ukiongeza kilainishi, kipimo cha torki kinadanganya: unakaza kupita kiasi ukidhani uko sawa.

Kwa hesi ya milimita 14 yenye washa, hedi ya alumini inataka Nm (nyutoni-mita, kipimo cha torki) 25 hadi 30. Ya chuma inavumilia kidogo zaidi. Ile ya mteremko isiyo na washa, kwenye alumini, ni Nm 10 hadi 20 tu. Bila spana ya torki, tumia uso wa saa: washa mpya ikishagusa, kaza kutoka saa sita hadi saa kumi na mbili, mwisho saa mbili. Utahisi washa ikilala, kisha ugumu unaingia. Ya mteremko inaongezwa sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko, basi.

Plagi iliyolegea ni hatari kama iliyokazwa mno. Joto lake linapitia kwenye washa na hesi kwenda kwenye hedi. Isiposhikana vizuri, ncha inapata moto hata kama namba ni sahihi.

Rudisha waya. Silinda nne nyingi zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Baadhi ya injini za Ford za Uingereza ni 1-2-4-3, na Beetle ni 1-4-3-2. Silinda sita za mstari mmoja ni 1-5-3-6-2-4. Hakikisha pia rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) inazungukia upande gani, maana mpangilio sahihi uliopangwa kinyumenyume unalipua kabureta badala ya kuwasha. Kila kofia ya mpira isukumwe mpaka ishike. Kama una mita, pima waya: Toyota kwa injini zake nyingi za zamani iliweka ukomo wa kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Na usipige stata huku waya ya plagi ikining'inia hewani. Koili na moduli ya elektroniki zinaweza kuungua, na mvuke wa petroli unangoja cheche tu.

Washa injini. Ikiwa bado inamisi, fungua boneti gizani: cheche za buluu zinazotembea juu ya waya zitakuonyesha pa kwenda.

Baada ya kilomita 200 au 300, injini ikiwa baridi, fungua moja uangalie rangi yake. Ukiirudisha, kumbuka washa imeshalala. Safari hii mkono unatoka saa sita na kuishia saa saba.